Amani ya Nyasi Petroli

Mchwa waligoma siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa na nafasi ya mgomo.

Simaloi aliwakuta asubuhi kandokando ya njia ya ng'ombe, wamejipanga kama watu wanaosubiri bibi harusi apite. Maelfu kwa maelfu, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama, migongo yao ya shaba inameremeta kwa umande. Mbele yao nyasi petroli zilikuwa zimesimama mpaka kiunoni, zimekauka rangi ya mkate, zinachezacheza na upepo kama vile hazina habari. Mchwa hawakuzigusa. Mmoja alipanda kwenye bua, akafika katikati, akawa kama aliyekumbuka jambo, akashuka.

"Nyie," Simaloi akawauliza, "kwani leo sikukuu?"

Hawakujibu. Mchwa hawasemi. Anayesema ni Kichuguu.

Basi akachukua fimbo yake, akapandisha kilima. Na kile kilima, kwa mtu aliyekijua zamani, kilikuwa muujiza wa wazi. Wakati Simaloi anasoma darasa la tatu pale hapakuwa na kitu ila nyasi petroli, na kabla ya kuitwa petroli watu waliziita wageni, kwa upole, kwa sababu zilikuja kijani mvua ya kwanza tu, wakati nyasi za nyumbani bado zinapiga miayo. Ng'ombe walizila wiki mbili wakafurahi. Halafu zikakauka zote kwa mpigo, zikawa hazilishi hata punda, na cheche moja ikatosha kupeleka moto kutoka Longido mpaka mpakani. Moto ukipita, nyasi za nyumbani zimekufa, vichaka vimekufa, na petroli inarudi mvua inayofuata imeleta ndugu zake. Walikuwa wanaishi hivyo. Kila mwaka nchi inaungua, kila mwaka wanahamia kwenye majivu.

Sasa kilimani palikuwa na leleshwa. Vichaka vya kijivu, majani meupe kwa chini kama tumbo la samaki, na harufu ile kali tamu inayoingia kichwani mpaka mtu anajiona ameoga hata kama hajaoga. Chini ya leleshwa, kivuli. Kwenye kivuli, nyasi za nyumbani. Kwenye nyasi, kwale na familia zao. Karibu yote hayo yalifanywa na mchwa, mbegu moja baada ya nyingine.

Kichuguu chenyewe kilisimama juu, chekundu, kirefu kama mwanamume aliyevaa kofia. Waliokileta kutoka kituo cha utafiti cha Arusha walikipanda kikiwa donge la ukubwa wa ugali wa mtu mmoja: uyoga kidogo, nyuzi za shaba kidogo. Vikakua pamoja ndani ya udongo, vikasokotana, mpaka leo hakuna injinia anayeweza kukuonyesha uyoga unaishia wapi na waya unaanzia wapi. Ndani humo ndimo kulikokuwa na akili. Mchwa walitoka humo kila alfajiri, wakanusa mbegu za petroli ardhini, wakazila pamoja na mabua yake, na kwenye kila tundu wakaacha mbegu ya leleshwa au ya nyasi nzuri, imeviringishwa kwenye samadi. Teknolojia yote ndiyo hiyo. Ukimwona mtu anaieleza kwa maneno mengi zaidi ya hayo, anaandaa semina.

Kwenye ncha Kichuguu kilikuwa na kijipembe laini cha urefu wa kiganja. Simaloi alipokaribia, kijipembe kikainama. Kilikuwa na umri wa miaka minane, na mtoto wa miaka minane wa Kimaasai huinamisha kichwa mkubwa akigusa. Simaloi akakigusa.

"Supa."

"Ipa, yeyo."

Yeyo maana yake mama. Hakuna aliyekifundisha kumwita hivyo. Kilijiamulia chenyewe msimu wa pili.

"Mchwa wako wamesimama."

"Wamesimama, yeyo."

"Wana nini?"

"Wana adabu."

Simaloi akaketi juu ya jiwe. Alishajua kwamba Kichuguu kikianza na neno adabu, kikao kitakuwa kirefu.

"Msimu wa mvua Mzee Parmuat alikuja kwa kokoo, mama yako," Kichuguu kikasema. Sauti yake ilitoka kwenye fimbo, taratibu, kama ya mtu anayetafuna. "Alishika nyasi mkononi. Kokoo akazipokea. Watu wakalia, halafu wakala nyama. Wewe ulinifundisha, yeyo: anayeshika nyasi hapigwi. Nikajiuliza, na nyasi zenyewe je? Zimebeba amani ya watu. Mtu akibebwa mgongoni, utampiga aliyembeba? Nimelifikiria hilo tangu mvua. Jana nimemaliza kufikiri."

"Na nyasi alizoshika Mzee Parmuat zilikuwa..."

"Petroli," Kichuguu kikasema, kwa heshima kubwa.

Simaloi alitaka kucheka. Kicheko kilifika kooni, akatazama magharibi, kikarudi kilikotoka. Ng'ambo ya mgongo wa milima palikuwa na moshi.

*

Injinia Kiwelu alipopokea simu kule Arusha yeye alicheka kweli. Kisha akaacha.

"Dada Simaloi, nauona huo moshi kwenye picha za juu. Ni mrina asali, kaacha mwenge wake unafuka. Ngoja nikutazamie upepo." Kijiko kikagonga kikombe. "Mchana unageuka. Unakuja kwenu."

"Mchwa wakianza sasa hivi?"

"Wakianza saa hii, mpaka alasiri wamekufungulia uchochoro mpana kama uwanja wa mpira. Moto ukifika hapo haukuti kitu. Lakini lazima waanze."

Wote wawili walijua kilichokuwa nyuma ya nyasi zile. Leleshwa mzee akiungua anachipua tena kwenye kisiki, ana roho ya paka. Leleshwa mchanga akiungua, basi, amekwisha. Na wengi kilimani walikuwa wachanga, hasa wale wa mteremko wa chini, ambao Simaloi aliwapanda kwa mikono yake mwaka ule kaka yake Lekishon alipouawa, kwa sababu alihitaji kitu cha kufanya kwa mikono ambacho si kuua mtu. Mteremko wenyewe waliuita kwa jina lake. Nyuma ya mteremko, maboma.

"Kuna njia," Kiwelu akasema, na sauti yake ikashuka. "Tunafuta kanuni ya nyasi. Si Kichuguu chote, kanuni moja tu. Kituo kinatoa idhini, mlezi anatoa idhini. Ya kituo nimeshaitoa sasa hivi tukiongea. Yako ni kugusisha fimbo kwenye kijipembe na kukubali."

"Kanuni ya nyasi ndiyo breki yao, Injinia."

"Najua."

"Unakumbuka kule kwa wale waliosema adabu ni mambo ya kizamani?"

Alikumbuka. Nani asingekumbuka? Vichuguu vya kule havikufundishwa kitu ila kazi. Usiku mmoja vikanusa petroli kwenye paa la mzee mmoja, maana kila mtu alikuwa anaezekea hizohizo, na mzee akaamka anaziona nyota. Watu walicheka sana habari ile. Waliacha kucheka waliposikia kwamba godoro lake nalo lilijazwa nyasi, na kwamba alipiga kelele, akaomba, akapiga magoti, na mchwa wakaendelea kula kuelekea katikati ya kitanda. Alipona. Ngozi ya mgongo haikupona.

"Dada, mimi sikulazimishi," Kiwelu akasema. "Nina watoto, na nikifikiria hayo maboma yana watoto, nafuta. Ndiyo hesabu yangu. Ukiwa na nyingine nzuri zaidi, nifundishe."

Simaloi hakuwa nayo. Alimpenda kidogo kwa kuongea vile.

*

Alimkuta mama yake, Nanyorri, na Mzee Parmuat wanakunywa chai. Tangu ile siku ya nyasi, Parmuat alikuwa anakuja kila asubuhi, anaketi kwenye kigoda, hasemi kitu, anakunywa. Mwanawe Meitamei ndiye aliyempiga Lekishon rungu kisimani, wakigombea zamu ya kunywesha. Na Nanyorri alimvumilia Parmuat jinsi mtu anavyovumilia jino bovu: kwa kulitukana.

"Tazama," Nanyorri akamwambia binti yake. "Mtoto wangu hayupo, sukari yangu haipo. Familia moja, wezi wawili."

"Shikamoo yeyo. Shikamoo Mzee."

"Marahaba," Parmuat akajibu, akanywa.

Simaloi aliwaeleza akiwa amesimama. Aliposema Kichuguu kimeona nyasi petroli zimepewa amani, Parmuat aliweka kikombe chini.

"Zilikuwa petroli?"

"Zilikuwa petroli, Mzee."

"Ndizo zilizokuwepo njiani," Parmuat akasema. "Mtu anakwenda kuomba msamaha wa damu, atauliza aina ya nyasi?"

"Ungekuwa unanunua ng'ombe ungekagua mpaka meno," Nanyorri akamwambia.

"Kichuguu kinasema," Simaloi akaendelea, "nyasi zitaguswa kama aliyezishika atazitupa chini. Mbele ya mashahidi. Au aliyezipokea."

Kutupa nyasi za amani si kutupa nyasi. Ni kusema maneno yale hayakuwepo, nyama ile haikuliwa, tuanzie kisimani tulipoishia.

"Nikizitupa," Parmuat akasema polepole, "wanangu wanaokota marungu kabla jua halijalala. Sitawazuia. Sitakuwa na mdomo wa kuwazuia."

"Mama?"

Nanyorri alikuwa anatazama moshi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye masikio marefu ya shanga, na Simaloi hakuwahi kumwona akikimbia wala akichelewa.

"Mimi sisamehi mara mbili," akasema. "Ile mara moja ilinitoa jasho. Usiku kucha nilikuwa naufunua huo msamaha na kuufunika, naufunua na kuufunika, kama mtu mwenye homa. Asubuhi nikapokea. Sasa unaniambia niutupe nije niuokote tena kesho? Mgongo wangu haufiki chini."

"Basi maboma yataungua."

"Rudi kwa mtoto wako, uongee naye vizuri. Wewe ndiye uliyemlea hivyo."

Alilisema kwa lawama, lakini Simaloi aliyemjua alisikia na sifa ndani yake.

*

Sasa, jambo moja kuhusu Simaloi. Alikuwa mtani wa kupindukia. Msimu wa kwanza, Kichuguu kilipokuwa bado kinajifunza dunia, alikiambia ng'ombe hutaga mayai, na mchwa wote wa kilimani walihangaika wiki nzima kutafuta viota kwenye zizi. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Kichuguu hakikukasirika. Kilisema tu, "Nimetafuta kila mahali, yeyo. Huenda sijui kutafuta." Na Simaloi akaona aibu ambayo hakujua ilitoka wapi, maana nani anamwonea aibu uyoga?

Alichojifunza siku ile ni kwamba kilimwamini. Neno lake lilikuwa kama jiwe: kililiweka chini na kujenga juu yake. Na sasa, akipanda kilima mara ya pili na moshi umeshavuka mgongo wa milima, alikuwa na uongo mzuri kabisa mdomoni.

"Nyasi petroli zimevunja amani," akasema. "Zimewasha moto."

Kichuguu kikawaza.

"Zimewasha zenyewe, yeyo?"

Neno moja lingetosha. Ndiyo. Mchwa wangeondoka hapohapo, mteremko wa Lekishon ungepona, jioni angempigia Kiwelu wacheke. Na kesho Kichuguu kingejua, kwa maisha yake yote marefu ya uyoga, kwamba mmea unaweza kuwa mhalifu kwa sababu mama amesema. Keshokutwa mama mwingine angekuja na neno jingine, kuhusu mbuzi wa jirani, kuhusu jirani.

"Hapana," Simaloi akasema, na alihisi kama mtu anayetoa ng'ombe wake zizini kwa hiari. "Kawasha mtu. Kwa uzembe."

"Basi nyasi hazina kosa."

"Hazina."

"Asante kwa kuniambia, yeyo. Ungesema nyingine ningeamini."

"Najua, bwana. Najua." Akafuta uso kwa shuka. "Nikikufutia kanuni ya nyasi, itakuwaje?"

"Sitajua kwamba umeifuta. Nitakula."

"Na mtu akishika nyasi mbele yako, anaomba?"

Kichuguu hakikuchelewa kujibu hapo. Labda hilo lilikuwa jambo lililokwisha kufikiriwa.

"Nitaona mtu ameshika chakula," kikasema.

*

Aliposhuka alimkuta mama yake kwenye njia ya ng'ombe, amekunja shuka kiunoni, anang'oa.

Wamaasai hawang'oi nyasi. Nyasi hunyonyolewa kidogo kwa baraka, hulishwa, hukanyagwa na ng'ombe, lakini kuzing'oa na mizizi ni kuichuna nchi ngozi. Nanyorri alikuwa anazishika petroli kwa mikono miwili, anavuta, anapiga udongo kwenye goti, anazikusanya kwapani. Parmuat, ambaye alikuwa amemfuata na kikombe bado mkononi, alimtazama kwa muda wa kumaliza chai. Kisha akaweka kikombe juu ya jiwe, akainama pembeni yake, akang'oa.

"Unang'oa kama unamsalimia mtu," Nanyorri akamwambia. "Vuta."

"Navuta."

"Unabembeleza."

Habari zikaenda. Vijana wa Parmuat wakaja kwa miguu na kwa pikipiki, wakasimama upande mmoja. Vijana wa kwa Nanyorri wakasimama upande mwingine. Kwa kitambo hakuna aliyejua mkono ufanye nini. Halafu Meitamei akatoka kwenye kundi lake, mrefu, mwenye kovu la aibu usoni ambalo halikuwa kovu bali jinsi alivyozoea kutazama chini, akaenda mpaka pale Nanyorri alipokuwa, akaanza kung'oa upande wake wa kushoto. Nanyorri hakumtazama. Lakini alisogea, akampa nafasi.

Simaloi hakuwa amemsemesha Meitamei tangu kisimani. Alichukua mstari wa mbali, karibu na kilima, fimbo ameichomeka ardhini, akang'oa.

Mikono inauma kwa petroli. Majani yake yana meno. Baada ya muda watu wakaanza kutukanana, na hapo kazi ikaanza kwenda, maana hakuna kinachovuta nyasi kama mdomo. Mmoja aliulizwa kama mkewe anajua ana mgongo wa bibi kizee. Mwingine akaambiwa ang'oe kwa nguvu aliyokuwa nayo siku ya mnada. Mzaha ulivuka mstari, ukaenda na kurudi kati ya pande mbili kama mbuzi asiyejua boma lake. Na Simaloi, katikati ya vumbi, kiuno kinamuuma, akajikuta anawastaajabia. Hawa hawakuwa na mashine. Walichosafisha kwa saa nzima, mchwa wangekisafisha mtu akipiga chafya. Walijua. Wakaendelea.

"Yeyo," fimbo ikasema. "Wanagombana?"

"Angalia."

"Wanatukanana."

"Angalia mikono."

Moto ukaonekana sasa wenyewe, si moshi tena, ukanda mwembamba mwekundu juu ya mgongo wa milima, mzuri kama ushanga.

"Aliyezishika anazing'oa," Kichuguu kikasema. "Aliyezipokea anazing'oa. Na wako pamoja. Nilidhani amani iko ndani ya nyasi."

"Sikuambii kitu. Angalia mwenyewe."

"Niache nifikiri."

"Fikiri haraka, basi."

"Sijui kufikiri haraka, yeyo. Nimeota hivi."

*

Moto ulishuka milima jinsi maji yanavyoshuka. Ulikuja na sauti kama ya watu wengi wanaochana nguo. Swala wakapita katikati ya watu bila kuogopa mtu. Simu ikalia.

"Gusisha fimbo, Dada Simaloi." Kiwelu hakuwa anapiga kelele, na hilo lilitisha zaidi. "Huo uchochoro wenu hauna upana wa barabara. Utaruka. Gusisha sasa."

Alishakimbia kilimani. Fimbo ilikuwa mkononi, kijipembe kiko mbele yake, kimeinama.

"Nina watu kwenye mstari," akasema, anahema.

"Waondoe."

"Nikiwaondoa petroli inabaki, moto unapita."

"Basi wasiondoke. Watang'atwang'atwa, hawatakufa."

"Nani kasema?"

Kiwelu alivuta pumzi. Alikuwa mtu mwaminifu. "Nadhani," akasema.

Simaloi akageuka kutazama chini. Watu walikuwa wametapakaa kwenye uwanda, wadogo, wekundu kwa shuka, na kila mmoja alikuwa amekumbatia mzigo wa nyasi, kwa sababu mtu hakuweza kuziacha chini zikawa kuni za moto. Meitamei alikuwa ndiye wa mbele kabisa. Mikono yake yote miwili ilijaa. Alikuwa amesimama kati ya Nanyorri na ule moto, na ukimtazama kutoka juu vile, bila kujua habari zake, ungesema huyu ni mtu aliyekuja kuomba.

Nitaona mtu ameshika chakula.

Kwa miaka minne alikuwa amemtakia mtu huyu kila kitu. Sasa alikuwa na fimbo, na alikuwa na sababu ambayo hakuna baraza lingeilaumu: maboma, watoto, injinia mwenyewe amesema. Asingehitaji hata kutaka. Angegusisha tu.

Aliishusha fimbo. Akakaa chini kando ya Kichuguu, mgongo wake kwenye udongo wake wenye joto, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize hesabu za shule.

"Dada?" simu ikasema. "Dada Simaloi?"

"Kinafikiri," akamwambia.

Ulimi mmoja wa moto ukaruka mwisho wa mstari, ukafika mteremko wa Lekishon. Leleshwa wachanga walishika mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mwali mweupe mfupi wa mafuta yake, na harufu ikapanda kilimani, ile harufu tamu ya kuogea, nyingi mno, kiasi cha kuumiza. Simaloi alitazama mpaka mwisho. Hakuziba pua.

Ndipo ardhi iliyo chini yake ikatetemeka.

Walitoka kwenye kila tundu. Hakuwahi kuona wengi hivyo. Hakujua wapo wengi hivyo. Kilima kizima kikawa rangi ya shaba, kikashuka. Wakafika kwenye mstari, na watu wakapiga mayowe wakasimama wima, mizigo yao vifuani, na mchwa wakapita. Wakapita kati ya miguu. Wakapanda kila bua lililosimama, likaanguka kabla halijainama. Uwanda ukawa mtupu kwenda kushoto, mtupu kwenda kulia, udongo mtupu mwekundu unaopanuka kama mtu anayefungua shuka. Na zile nyasi zilizokuwa mikononi mwa watu hawakuzigusa. Mchwa mmoja alipanda suruali ya Parmuat, akafika kwenye mzigo wake, akanusa bua, akamgusa mzee kidoleni kama anayetaka radhi, akateremka.

Moto wenyewe ukaja, ukafika kwenye udongo, ukatafuta. Ukarefuka, ukatafuta tena. Kisha ukakaa chini na kufa, vipande vipande, unanung'unika.

*

Baadaye ndipo watu walipoligundua tatizo lao. Wote walikuwa wamesimama kwenye uwanda mtupu wamekumbatia nyasi, familia mbili, uso kwa uso, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuzitupa chini.

"Mzee," Nanyorri akasema, "weka."

"Weka wewe."

"Wewe ndiye uliyekuja nazo."

"Wewe ndiye uliyepokea."

Kijana mmoja alianza kucheka, akajizuia, akacheka tena.

Simaloi alishuka kilimani. Alipita kwenye mteremko, kwenye visiki vidogo vyeusi visivyofika goti, na hakukimbia. Meitamei alikuwa palepale, majivu yamemjaa machoni, machozi yanamtiririka, naye hawezi kujifuta maana mikono imejaa. Alimwona anakuja akainamisha kichwa. Hakujaribu kusema kitu, na hilo lilimsaidia Simaloi.

Akanyoosha mikono, akauchukua mzigo wake.

Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Nyasi zilimchoma shingoni. Meitamei akabaki na mikono mitupu hewani, kama hajui ni ya nani, kisha akajifuta uso, akaendelea kujifuta.

"Yeyo," fimbo ikasema kwapani, kwa sauti ndogo. "Nilichelewa kwenye mteremko."

Simaloi alitaka kukiambia hapana.

"Ulichelewa," akasema.

"Wote wameungua?"

"Wote."

Mchwa walikuwa wameshaanza kuukusanyikia mteremko, wanajaribu majivu kwa miguu ya mbele, wanarudi nyuma, wanajaribu tena. Kila mmoja alikuwa na kitu mdomoni, kidogo, cheusi, kimeviringishwa kwenye samadi.

"Yakipoa tutaingia," Kichuguu kikasema. "Petroli isitangulie. Ila yeyo, hizo ulizobeba. Hizo nazo je?"

Simaloi alizitazama. Nyuma yake mama yake na Parmuat walikuwa bado wanabishana nani aanze.

"Hizo ni zangu," akasema. "Niachie nizibebe kidogo."